Uhuru wa Mali: Kati ya Firauni na Qaruni

 

Ndugu Waislamu, mimi ni mwalimu wa Maarifa ya Uislamu hapa Nachingwea, na kwa ajili ya darsa huvuka mara kwa mara kwenda Ruangwa. Siku hizi kuna mwanasiasa mmoja wa mbali ambaye vijana wetu hawaishi kumtaja. Ni Javier Milei, mchumi aliyezaliwa 1970 mjini Buenos Aires, akachaguliwa kuwa Rais wa Argentina mwishoni mwa 2023. Wamemwona kwenye simu zao akiwa ameshika msumeno wa injini, ule wa kukatia magogo, akiapa kuikatakata serikali. Na kweli alipoingia madarakani aliziteremsha wizara kutoka 18 hadi 9. Itikadi yake ni kuwa mtu yuko huru, mali yake ni yake peke yake, serikali ni mzigo na kodi ni wizi.

Kijana mmoja katika darsa akauliza: "Ustadh, ikiwa kodi ni wizi, mbona zakka si wizi?" Mwenzake akamjibu kuwa Uislamu ndio ulioanza itikadi hiyo, kwani Mtume (SAW) alikataa kupanga bei za bidhaa sokoni. Darsa likageuka bunge. Nikaona swali hili si la darasani tu. Linamhusu kila Muislamu anayelima, anayefanya biashara na anayepiga kura. Hebu tulitazame kwa utulivu.

Kwanza tusidhani kuwa mvutano huu umeletwa na simu. Sisi wenyewe tumewahi kuwa na mwanasiasa aliyesimama upande wa uhuru wa raia mbele ya dola, tena Muislamu. Naye ni Chifu Abdallah Said Fundikira. Alizaliwa 1921 katika ukoo wa kitemi wa Unyanyembe, Tabora, akasoma kilimo Makerere, akawa Mtemi wa Unyanyembe, kisha akaungana na TANU katika kudai uhuru. Nchi ilipopata uhuru Desemba 1961, yeye ndiye aliyekuwa Waziri wa kwanza wa Sheria. Lakini mwaka 1963, mwaka uleule ambao Halmashauri Kuu ya TANU iliamua kuwa nchi iende kwenye chama kimoja na uchifu ukafutwa kisheria, Fundikira aliondoka serikalini. Karibu miaka 30 baadaye, mwaka 1991, akiwa mtu mzima wa miaka 70, akajitokeza tena kuongoza kamati ya wanamageuzi waliodai katiba mpya na vyama vingi, na baada ya sheria kubadilishwa 1992 akaunda chama chake, UMD. Baadaye alirejea CCM, na alifariki 2007.

Sisemi kuwa Fundikira alikuwa Milei wetu. Hakushika msumeno, wala hakusema kodi ni wizi. Ninachosema ni kwamba alikuwa mmoja wa wachache walioona mapema hatari ya dola kushika kila kitu, chama, ardhi, soko na sauti. Itakumbukwa kuwa Tume ya Jaji Nyalali ilipozunguka nchi, takriban asilimia 80 ya waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee. Hata hivyo Tume ikapendekeza vyama vingi, ili haki ya wale wachache isipotee. Ni dhahiri kuwa wingi wa watu si hoja ya kumnyima mtu haki yake.

Sasa turudi kwetu Kusini, kwa sababu kama kuna mahali ambapo dola imejaribu kupanga maisha ya watu kutoka juu, basi ni hapa. Nachingwea mji wake ulikuzwa na mpango. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza, ikihangaikia mafuta ya kula baada ya vita, ilianza Mpango wa Karanga katika Kongwa, Urambo na Nachingwea. Waliokaa London walipanga kulima zaidi ya ekari milioni 3. Vifaru vya vita viligeuzwa matrekta. Reli ikaletwa mpaka Nachingwea, na bandari ya kina kirefu ikajengwa Mtwara. Hawakuupima udongo kama inavyotakiwa, hawakujua mvua zake, wala hawakumuuliza mkulima wa hapa hulima nini na lini. Januari 1951 mpango ulivunjwa ukiwa umemeza takriban pauni milioni 36. Reli nayo iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Watu wazima wa hapa bado wanaweza kukuonyesha ilikopita.

Mkoloni akaondoka. Lakini je, fikra ya kupanga kutoka juu iliondoka naye? Novemba 1973 ilitangazwa kuwa kuishi vijijini si hiari tena bali ni amri, na ifikapo mwisho wa 1976 kila mtu awe amehamia. Nia iliyotajwa ilikuwa njema: shule, zahanati na maji. Wala hatukatai kuwa wapo waliopata kusoma kwa sababu hiyo. Lakini mkorosho hauhamishiki. Mtu alitolewa kwenye miti aliyoipanda baba yake, akapelekwa mahali ambapo kuifikia ni safari. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna takriban tani 145,000 za korosho. Msimu wa 1986/87 zilikuwa chini ya tani 17,000. Ugonjwa wa ubwiriunga ulichangia, na bei ndogo ya mamlaka ya serikali ilichangia, lakini miti iliyoachwa porini bila wa kuipalilia ni sehemu kubwa ya habari hiyo.

Kisha ikaja 2018. Msimu wa nyuma yake korosho ilikuwa imefika shilingi 4,000 kwa kilo na kupita. Oktoba 2018 wanunuzi wakaja na bei za chini, nyingine chini ya shilingi 2,000, na wakulima wakazikataa mnadani. Novemba Rais John Magufuli akatangaza kuwa serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300, na magari ya jeshi yakaingia kusomba. Wengi walishangilia, nami naelewa kwa nini, maana hakuna mkulima anayependa kuonewa na mnunuzi. Lakini malipo yalitanguliwa na uhakiki, uhakiki ukachukua muda, na wapo waliosubiri kwa miezi huku watoto wakitakiwa shule. Wakati huo Waziri Mkuu alikuwa Mbunge wa Ruangwa yenyewe, Kassim Majaliwa, aliyeshika wadhifa huo kuanzia 2015 hadi 2025. Mkulima wa Ruangwa hakuwa na foleni yake. Alisubiri kama wenzake. Hapa pana funzo: kuwa na mtoto wa nyumbani juu hakuwi badala ya kuwa na utaratibu wa haki chini.

Je, Uislamu unasemaje? Ni kweli, kama alivyodai yule kijana, kwamba bei zilipopanda Madina watu walimwendea Mtume (SAW) wakamtaka awapangie. Katika hadithi ya Anas (RA) waliyoipokea Abu Dawud na Tirmidhi, Mtume (SAW) alikataa, akaeleza kuwa mwenye kubana na kukunjua riziki ni Allah, na kwamba yeye anataraji kukutana na Mola wake bila ya mtu yeyote kumdai dhulma ya damu wala ya mali. Zingatia, ndugu msomaji! Huyu ni Mtume na ni mkuu wa dola, naye anaona kuwa kumlazimisha muuzaji bei bila ya haki ni dhulma atakayoulizwa. Na katika Surat An-Nisaa (4:29) waumini wamekatazwa kuliana mali kwa batili, ikabakishwa biashara iliyo kwa kuridhiana. Kuridhiana ndiyo roho ya soko la Kiislamu.

Inasimuliwa pia kuwa Sayyidna Umar (RA) alipotaka kuupanua msikiti wa Madina alihitaji nyumba ya Abbas (RA), ami yake Mtume. Abbas akakataa kuuza. Wakaenda kwa Ubayy bin Kaab (RA) awaamue, na hukumu ikatoka dhidi ya Khalifa. Baada ya kushinda, Abbas akaitoa nyumba bure kwa ajili ya Waislamu. Linganisha na watu waliohamishwa kwenye mikorosho yao. Khalifa alitaka kupanua msikiti, na bado hakuruhusiwa kuchukua kwa nguvu!

Na Ibn Khaldun, aliyefariki 1406, aliandika katika Muqaddima kuwa mtawala anapoingia katika biashara huwadhuru raia na huiharibu hazina yake mwenyewe, kwani mfanyabiashara wa kawaida hawezi kushindana na mwenye dola, na mtawala aweza kujichukulia bidhaa kwa bei aipendayo. Wamagharibi wanamjua. Mwaka 1981 Rais Ronald Reagan wa Marekani alimtaja mbele ya waandishi wa habari akitetea kupunguza kodi. Ajabu ni kuwa sisi wenye Ibn Khaldun tunangoja tufundishwe naye na wengine.

Basi je, tumpe kijana ushindi? Tuseme Uislamu ndio itikadi ya Milei? La, hasha. Fungua Surat Hud (11:87). Nabii Shu'ayb (AS) aliwakataza watu wa Madyan kupunja vipimo na mizani. Nao wakamjibu kwa kejeli: hivi sala yako ndiyo inayokuamrisha tusifanye tupendavyo katika mali zetu? Hoja ya kuwa mali ni yangu na nitafanya nitakavyo si ngeni, ndugu zangu. Imo ndani ya Qur'an, na imetoka midomoni mwa watu walioangamizwa. Na Qaruni alipoambiwa afanye wema kama Allah alivyomfanyia wema, alidai kuwa mali ile ameipata kwa elimu yake mwenyewe (28:78). Ardhi ikammeza yeye na nyumba yake.

Sasa tazama hekima ya Qur'an. Katika kisa kimoja cha Nabii Musa (AS) wamo wawili. Yumo Firauni, aliyewatangazia watu wake kuwa ufalme wa Misri na mito ipitayo chini yake ni vyake (43:51). Huyu ni mtawala anayedai kuwa kila kitu ni chake. Na yumo Qaruni, tajiri anayedai kuwa alichonacho hakina haki ya mtu mwingine ndani yake. Wanasiasa wa dunia ya leo wanatutaka tuchague mmoja kati ya hawa. Uislamu unawakataa wote wawili, na kwa sababu moja: mali ni ya Allah, sisi ni warithishwa tu tulioamrishwa kutoa (57:7). Kwa kuwa mali si ya mtawala, hana ruhusa ya kuninyang'anya. Na kwa kuwa si yangu kwa ukamilifu, sina ruhusa ya kumzuilia masikini fungu lake. Hili ndilo jibu la yule kijana. Zakka si wizi kwa sababu ile sehemu haikuwa yako tangu mwanzo. Ni haki maalumu ya mwenye kuomba na mwenye kunyimwa (70:24-25). Ndiyo maana Sayyidna Abubakar (RA) aliwapiga vita walioizuia.

Na soko likiachwa bila mizani ya haki, huzaa Firauni wengine. Mnakumbuka mbaazi? Mwaka 2017 India iliweka kikomo cha kununua mbaazi kutoka nje, na bei huku kwetu ikaporomoka mkulima asijue pa kuzipeleka. Hakuna serikali ya hapa iliyompangia bei hiyo. Ilipangwa Delhi, na mkulima hakuulizwa. Hata huko Argentina, mfumuko wa bei ulishuka kutoka asilimia 211 mwaka 2023 hadi karibu asilimia 118 mwaka 2024, na hilo ni jambo la kuheshimiwa. Lakini katika nusu ya kwanza ya 2024 zaidi ya nusu ya watu walihesabiwa kuwa masikini, kabla ya kiwango hicho kushuka tena. Msumeno haujui tawi bovu na tawi lenye ndege.

Nije sasa kwenye jambo linalotuuma zaidi, nalo ni kangomba. Nyinyi ndugu zetu wa mijini, wa Kariakoo, Ilala, Temeke na Mtwara mjini, mnaijua. Ni ule ulanguzi wa nje ya ghala, aghalabu kabla ya mavuno, na mara nyingi kwa kopo badala ya mizani. Mwezi wa tatu mkulima hana unga ndani, mtoto anaumwa, na anatokea mwenye fedha. Anampa senti chache kwa korosho ambazo hata ua halijatoka. Msimu ukifika, mkulima anavuna mali ya mtu mwingine kwenye shamba lake mwenyewe. Wala tusijidanganye kuwa wanaofanya hivi ni makafiri tu. Fedha nyingine zinazokuja huku zinatoka mifukoni mwa watu wanaosali safu ya mbele.

Wapo wanaojitetea kuwa hiyo ni biashara ya salam, na salam ni halali. Ni halali kweli. Katika hadithi ya Ibn Abbas (RA) iliyomo katika Bukhari na Muslim, Mtume (SAW) aliwakuta watu wa Madina wakilipana mapema kwa tende za miaka ijayo, akawawekea masharti: kipimo kinachojulikana, uzito unaojulikana na muda unaojulikana. Jiulize, kopo lililobonyezwa ndani lina kipimo gani? Muda uko wapi? Na mwenye kuuza ameridhia, au amebanwa na njaa? Mtume (SAW) pia alikataza kuwaendea wenye misafara njiani ili kununua kabla hawajafika sokoni wakaijua bei. Mnunuzi wa kangomba anafanya jambo hilohilo, tena anamfuata mkulima mpaka jikoni kwake.

Kwa hiyo soko huru la Kiislamu lina mlinzi. Sayyidna Umar (RA) alikuwa akiingia sokoni mwenyewe kukagua. Na Ibn Taymiyya, alipoizungumza hadithi ya bei, alieleza kuwa bei ikipanda kwa uchache wa bidhaa au wingi wa watu, mtawala asiiguse. Lakini watu wakihodhi au wakala njama, huwalazimisha wauze kwa thamani ya haki. Serikali ni mshika mizani, si mchuuzi. Na si mtazamaji.

Tunaye pia Nabii Yusuf (AS), aliyeendesha ghala la nafaka la dola katika miaka ya njaa. Kumbe ghala la umma si haramu! Lakini tazama alivyoiomba kazi ile: alijieleza kuwa ni mlinzi na ni mjuzi (12:55). Uaminifu na elimu. Wapangaji wa karanga walikuwa na fedha na matrekta, wakakosa elimu ya udongo wetu. Nasi leo tuna stakabadhi ghalani, na huku tuna chama kikuu cha ushirika cha RUNALI kinachounganisha Ruangwa, Nachingwea na Liwale, kwa korosho, ufuta na mbaazi. Mnada wa wazi ni jambo jema, na msimu wa 2024 bei ya korosho mnadani ilipita tena shilingi 4,000. Lakini ghala bila mlinzi mwaminifu ni pango. Kiongozi wa chama cha msingi anayechezea mizani hana tofauti na mnunuzi wa kangomba, isipokuwa huyu ana mhuri.

Basi tufanye nini? Kwanza, akija mgombea, wa chama chochote, asitupumbaze kwa maneno ya uhuru wala ya uzalendo. Tumuulize: Utaniachia niuze mali yangu kwa kuridhia kwangu? Ukichukua kodi, utaniambia imekwenda wapi? Anayenipunja utamfikisha wapi? Na wewe ukinipunja, nitakushitaki wapi? Hili la nne ndilo zito zaidi, maana asiye na pa kumshitaki mtawala hana uhuru wowote, hata akiachiwa korosho zake.

Pili, tusiisubiri serikali katika lile lililo mikononi mwetu. Kangomba inaishi kwa njaa ya miezi michache. Misikiti ya mijini ikikusanya fedha, ikamkopesha mkulima mkopo mwema usio na riba mwezi wa pili, akaurudisha baada ya mnada, kangomba itakosa mteja bila askari hata mmoja. Au wafanyabiashara Waislamu waingie salam ya kweli, kwa kilo, kwa tarehe na kwa bei isiyomnyonga mtu.

Tatu, mwenye korosho za biashara ghalani, mwaka ukizunguka na nisabu ikitimia, atoe asilimia 2.5 yake. Huwezi kulalamika kuwa kodi ni dhulma hali zakka ya Allah hujaitoa.

Nachingwea ilikuwa na kambi kuu ya wapiganaji wa FRELIMO walipopigania uhuru wa Msumbiji. Tunalijua neno ukombozi kabla halijawekwa kwenye simu. Aliyekombolewa kutoka kwa Firauni kisha akawa Qaruni kwa jirani yake, huyo bado yumo utumwani. Tumuombe Allah (SW) atupe viongozi walinzi na wajuzi, na atuepushe sisi wenyewe na kupunja. Amin.